Matunda Yaliyooshwa

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, sikuyaandika ili mnicheke wala mnihurumie. Shule yangu ilikomea darasa la nne, na mistari yangu inapanda na kushuka. Mkiona nimekosea herufi, rekebisheni kimya kimya muendelee. Ninachotaka mkijue ni habari ya mjukuu wangu na matunda yake ya mawe, kwa sababu hapa mtaani inasimuliwa vibaya. Wanasema bibi alimkata mtoto miguu. Mimi nasema ilivyokuwa, kisha mtahukumu wenyewe, na mkihukumu vibaya hamtakuwa wa kwanza.

Mjukuu huyu ni binti wa mwanangu wa kiume, ambaye ndiye ninayekaa naye hapa Bagamoyo. Alikuwa akisoma chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake walisomea udaktari na sheria, yeye akasomea udongo wa kale na vilivyomo ndani yake. Likizo moja alikuja na chekeche na koleo dogo, akahamia mchana kutwa kwenye korongo lililo pembeni ya shamba letu la mihogo, njia ya Kaole. Mvua zilikuwa zimelikata korongo lile hata ukuta wake ukasimama wima kama nyumba iliyobomolewa upande mmoja, na udongo ukaonekana tabaka juu ya tabaka: chini wa kijivu, katikati mwekundu, juu mweupe wenye mchanga.

Jioni akirudi na vijiwe. Kimoja kama kokwa la embe dodo, kingine kama kungumanga, vingine vidogo kama mbegu za ukwaju. Nikamwuliza chuo kizima kimemtuma kuokota kokoto? Akacheka. Akaniambia si kokoto, ni matunda. Yalianguka kutoka mitini wakati ambao hakuna mtu wa kuusimulia, yakafukiwa na matope ya mto, na maji yakaingia ndani yake kidogo kidogo hata tunda likaisha na jiwe likakaa mahali pake kwa sura ile ile. Wenyewe wanayaita visukuku. Nilichukua lile la kungumanga nikaliangalia, na kweli, kikonyo chake kilikuwepo, na mshono wa kupasukia upo.

Mimi si mtu wa kushangaa ovyo. Nilimwuliza tunda la jiwe linamfaa nini mtu mwenye njaa. Alinieleza, na nitaeleza kama nilivyoelewa. Jani huoza, na magogo mengi hufanana. Tunda ndilo linalotaja mti wake. Likiwa na kokwa nene, mti ule ulitaka mnyama mkubwa alimeze akalitupe mbali. Likiwa na bawa, mti ule ulitegemea upepo, na upepo hauna nafasi penye msitu uliofunga. Ukiyapanga matunda kwa matabaka yao, la chini mpaka la juu, unaona msitu wa mahali hapa ulikuwaje kwanza, ukawaje baadaye, na uliondokaje. Lakini sharti ujue kila tunda limetoka udongo upi.

"Tunda lisilojulikana lilipotoka ni jiwe tu, bibi," aliniambia. "Hata likiwa zuri namna gani."

Maneno hayo niliyashika, na leo natamani nisingeyasikia.

Nikampa kanga zangu zilizochakaa azichane. Kanga ya manjano akafungia matunda ya udongo wa chini, nyekundu ya udongo wa kati, ya buluu ya udongo wa juu. Kila furushi alitia kikaratasi chenye maandishi yake. Hakuyaosha. Udongo ulioshikamana na tunda nao alitaka kuupima huko chuoni, na alisema akishafika huko ndipo ataandika alama juu ya kila tunda kwa wino. Mafurushi akayapanga chini ya kitanda chake, na kila mtu nyumbani aliambiwa yasiguswe. Kila mtu aliitikia. Kuitikia ni rahisi.

Kulikuwa na haraka katika kazi ile. Jirani yetu aliyekuwa na eneo la korongo alikuwa ameliuza, na katapila likaja kuchimba kifusi cha kujazia viwanja. Malori yalikuwa yakitoka pale asubuhi na jioni yamejaa udongo mwekundu. Mtoto alikuwa akichimba upande huu na wao wanachimba upande ule, mpaka siku moja akarudi mapema, akaketi ukumbini na chekeche lake mapajani, akasema korongo limekwisha. Yaliyomo kwenye vitambaa ndiyo yote yaliyopo duniani kutoka mahali pale.

Mwalimu wake, mama mmoja mkubwa wa chuoni, alikuwa amemwahidi jambo. Atakuja mwenyewe hapa nyumbani ayaone matunda. Akiyakuta yamepangika na yana maana, mjukuu wangu ataendelea na masomo ya juu chini yake. Akiyakuta hayana kitu, nafasi ni moja na yupo mwanafunzi mwingine anayeisubiri. Hilo lilisemwa wazi, na mtoto alitueleza sote tukiwa tumekaa mkekani.

Sasa hapa ndipo lazima niwaeleze desturi, maana nyinyi wa siku hizi mnaposana kwenye simu. Kwetu sisi, mtu anayekuja kumtazama binti haji akasema nimekuja kutazama binti. Huja na kisingizio. Waliokuja kuniangalia mimi walisema wanaazima mbuzi ya kukunia nazi, na kwao walikuwa nazo za kutosha. Mama yangu alijua, nao walijua kwamba amejua. Mbuzi ile aliisugua kwa mchanga, akaianika juani, akaipaka mafuta hadi ikang'aa. Kisingizio husafishwa. Mgeni akikabidhiwa kisingizio kichafu anaelewa kwamba nyumba hii haimtaki.

Ninaye wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, tunaishi naye. Ni mwanamke msafi kupita kiasi, anafagia hata njia ya jirani. Aliposikia mtu mkubwa anatoka Dar kuja kutazama mawe, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Wifi, mtu atie mafuta gari, atoke Dar, aje kutazama mawe?"

Nikamwambia ndivyo ilivyo, ndiyo kazi yao.

"Haya," akasema. "Na mbuzi ya nazi nayo ilikuwa kazi yao."

Nilidhani anatania. Alikuwa amekwisha kuamua. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu atakuja na kijana wa kiume, na kwake yeye hilo lilimaliza mjadala.

Siku ya ugeni, mjukuu alikwenda Dar alfajiri ili aje na mwalimu wake kwa gari moja. Mimi nilikuwa na hitima Kaole, kwa jamaa ambao singeweza kuwakosa. Nikaondoka baada ya chai. Niliporudi jua la adhuhuri likiwa limekaza, nikaona kanga zangu za manjano, nyekundu na buluu ziko kambani, zimefuliwa, zinakauka. Nikasimama pale pale mlangoni. Sikuhitaji kuambiwa.

Wifi alikuwa uani, mbele yake sinia letu kubwa la shaba. Matunda yote yalikuwa juu yake. Aliyaloweka kwenye maji ya majivu, akayasugua kwa kumbi la nazi, akayasuuza, akayafuta, na wakati huo alikuwa akiyapaka mafuta ya nazi moja moja, kwa upole, kama anayempaka mtoto mchanga. Pembeni ameweka asumini za kuzungushia. Vikaratasi vilikuwa vimekwenda na maji machafu kwenye shimo la taka.

Nikamwuliza ameyatoa wapi haya na nani kamwambia.

"Yalikuwa na matope, wifi. Mgeni apewe matope?"

Nikamwambia amemwua mtoto. Akanijibu bila kuinua uso kwamba mawe hayafi, na kwamba nikae nipumzike miguu, jua limenipanda kichwani. Nilimwita mwanangu apige simu. Alipiga, simu ya binti yake haikupatikana, akapiga tena, haikupatikana. Nilikaa kwenye kiti cha ukumbini na buibui langu sijalivua, nikawangoja.

Walifika baada ya alasiri. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, kajifunga mtandio vizuri, viatu vya kutembelea porini. Akavivua mlangoni bila kuambiwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, ndani ni kwako."

Nyuma yake kijana. Wifi akampokea kijana yule kabla ya mwalimu, akampa mto wa kuegemea, akamwekea halua na kahawa, akaanza kumwuliza ukoo wake, kwao ni wapi, mama yake yu hai? Kijana akajibu kwa adabu. Alipoulizwa anapenda mapishi gani, akasema anakula chochote anachopikiwa na mkewe, na kwamba akichelewa leo atagombezwa, watoto hawalali bila yeye. Alikuwa dereva wa chuo. Wifi aliichukua ile sahani ya halua akaisogeza kwa mwalimu. Siku nyingine ningecheka hadi nikae chini.

Mjukuu wangu alikuwa amesimama mlangoni anaangalia sinia. Udi unafuka, asumini zimezunguka, mawe yanang'aa kama yametoka dukani kwa sonara. Nilimwona mkono wake ukitafuta ukuta. Kisha akaingia, akapiga magoti kando ya sinia, na mwalimu akapiga magoti upande wa pili.

Mwalimu alisema, kwa sauti ya kujizuia, kwamba yameoshwa. Mjukuu akajibu ndiyo, yameoshwa. Hakusema yameoshwa na nani. Mwalimu akamwuliza kama matabaka yake anayajua.

Nilimtazama. Nilingoja aseme.

Akasema anayajua. Akaanza kuyapanga. Alipanga safu tatu juu ya mkeka, haraka, kama mtu anayepanga vyombo vyake mwenyewe. Makokwa manene yote safu ya chini. Yenye mabawa na yale madogo kama mbegu za nyasi, safu ya juu. Yaliyobaki, katikati. Mwalimu akaziinamia safu, kisha uso ukamfunguka. Akanigeukia mimi, kwa heshima tu, ili nisijione nimeachwa nje, akaniambia nitazame, hapa palikuwa na msitu mnene, wanyama wakubwa wanapita, halafu mvua ikapungua, miti ikaachana, mwisho ni nyika. Alisema ni nadra kuupata msitu mzima katika sinia moja. Alimwambia mjukuu wangu amefanya kazi nzuri sana.

Nami nilikuwa nimekaa pale najua kwamba mtoto hajui. Niliyaona matunda yale yakifungwa kila jioni kwa miezi yote ile, na makokwa manene yalitoka katika vitambaa vyote. Siwezi kusema lipi lilitoka kipi. Na yeye hakuweza. Alikuwa amepanga kile ambacho mwalimu alitamani kukiona.

Sikumwaibisha mbele ya wageni. Hilo wanaonisema hulisahau. Wageni walikula, wakashukuru, wakaomba kuyachukua matunda yakapigwe picha chuoni, wakayafungasha kwenye sanduku kwa mpango ule ule wa uongo, wakaondoka. Wifi aliwasindikiza hadi barabarani, bado ana matumaini kwamba dereva ana mdogo wake.

Nikamwita mjukuu chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia ampigie mwalimu wake simu amwambie kweli, hata kama bado wako njiani.

Alilia. Alisema, nikisema kweli, bibi, sina kitu. Korongo halipo. Alisema pengine amepatia, pengine safu nyingi ni sahihi, maana vitabu vinasema misitu ya pwani ilipita njia hiyo hiyo. Alisema hakuna atakayeumia. Ni matunda, yalikwisha kufa. Na kumtaja bibi mdogo, yaani wifi, mbele ya mwalimu kwamba ndiye aliyeharibu, hilo hawezi, ni kuivua nguo nyumba nzima.

Hapo kwa wifi alinigusa, sitasema uongo. Lakini nikamwambia maneno haya, na nayaandika kama nilivyoyasema.

"Mimi sikusoma. Kila ninachokijua cha kitabuni nimeambiwa na mtu, na mtu mwenyewe ni wewe. Ukiniambia hapa palikuwa na msitu, naamini. Sina chekeche langu la kukuchekechea wewe. Sasa ukinidanganya, mimi niende wapi?"

Akasema, "Sikukudanganya wewe, bibi. Nimemdanganya mwalimu."

"Na mwalimu atawaambia wangapi?"

Nikamkumbusha jambo jingine. Mimi nimeuona msitu kwa macho yangu. Utotoni tulikwenda kuokota kuni nyuma ya shamba lile lile na tukawa tunaitana ili tusipotezane, kulikuwa na misandarusi na mivule, na tumbili wakitutupia makapi. Tuliumaliza sisi wenyewe kwa shoka na tanuri za mkaa, na waliobaki wakauza viwanja. Sasa hivi ukikaa na watu barazani wanasema misitu hufa yenyewe, ndiyo dunia. Nikamwambia wakipata na karatasi ya chuo inayosema hivyo, na karatasi yenyewe imetoka nyumbani kwangu, na ni ya kubuni, mimi nitalala vipi? Kama ni kweli ulijifia, waseme wenye ushahidi. Wewe ushahidi wako umekwenda na maji ya majivu.

Alipiga simu akiwa amesimama dirishani, kanipa mgongo. Alisema mawe yaliosha nyumbani bila yeye kujua, kisha akajisahihisha kama mtoto wa shule, akasema yalioshwa. Akasema safu alizipanga kwa kukisia. Kisha nikasikia sauti ya mwalimu, ya upole, na upole ule ndio uliomvunja. Alimshukuru. Alimwambia matunda yatafaa kuwaonyesha watoto wa shule, ni mazuri sana kwa kushikwa mkononi. Nafasi alipewa yule mwingine.

Sasa nyumba ikanigeuka. Mwanangu alikaa wiki nzima ananiamkia na kuondoka, hamna mazungumzo. Wifi, ambaye ndiye aliyesugua, alilia kwa majirani kwamba mtoto alikuwa amekwisha kupata, mgeni amekwisha kuridhika, bibi akaenda kukifungua kilichofungwa. "Umemkata mtoto miguu kwa ajili ya kokoto," aliniambia jikoni, na kijiko cha mchuzi mkononi. Nikamjibu miguu ambayo angesimamia haikuwa yake. Hakunielewa, au alinielewa akaona afadhali asinielewe. Bado anaamini kosa ni langu. Hata siku moja hajasema, wifi, niliosha. Na mimi sijamwambia tena, kwa sababu ni mtu mzima, na kwa sababu alikuwa akimtakia mtoto mume.

Mjukuu alimaliza ile shahada yake ya kwanza kwa kuandika habari za mawe ya watu wengine. Sasa yuko Chalinze, anauza vipuri vya malori. Anajua bolti ipi ya gari lipi, wanasema, na hakosei. Akipiga simu nyumbani huongea na baba yake, kisha husema mpe bibi shikamoo. Mwanangu hunifikishia, nami huitikia marahaba ukutani. Salamu haikati mvua wala haileti jua, lakini ile inayopita mdomo wa mtu mwingine inafika imepoa.

Mnaniuliza najuta? Najuta kwamba ilikuwa mimi niliyekuwa pale. Ningependa awe ni mtu mwingine aliyeona, mtu asiyempenda, ili mimi nibaki wa kumfuta machozi. Lakini kama ingerudi tena ningemwambia apige simu ile ile. Na angenichukia vile vile.

Mahali pa korongo siku hizi ni shimo, limejaa maji ya mvua, bata wa watu wanaoga humo. Viwanja vilivyojazwa kwa udongo wake vimejengwa, na ukipita mvua ikinyesha unaona chini ya kuta zao mawe madogo yamejitokeza. Huwa siyaokoti.

Mwaka huu, siku za kuelekea Idi, tulisogeza kabati la chumba alichokuwa analala mjukuu ili tupake chokaa. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na furushi dogo la kanga ya manjano. Nililitambua fundo lake. Nadhani aliliweka mbali na mengine kwa sababu tunda lake lina ufa. Ndani yake tunda moja, kokwa nene, na matope ya kijivu yamelishika, na kikaratasi kipo na mwandiko wake. Nilimwambia mwanangu amweleze binti yake kwenye simu. Binti akajibu likae tu. Tunda moja halisimulii msitu, nafahamu. Lakini hili bado linajua lilipotoka.

Nikalifunga tena kama lilivyokuwa, nikaliweka juu ya kabati. Nilipogeuka wifi alikuwa amesimama nyuma yangu na ndoo ya maji na kitambaa kibichi, anatafuta pa kuanzia. Nikawaita wote waje, mwanangu, mkewe, wifi na watoto, wakasimama chumbani na mikono ina chokaa. Nikawaambia: kifurushi hiki asikifungue mtu, asikifute mtu vumbi, na kanga yake isifuliwe. Nikifa mimi nioshwe. Hiki kiacheni na udongo wake mpaka aje mwenyewe.